Shukrani Iliyotangulia Kupona

Ukitaka mguu wa nta hapa Canindé, kaskazini mashariki ya Brazili, ingia duka lolote. Kichwa, mkono, moyo, figo, vyote vimejaa tele, maana mahujaji wa Mtakatifu Fransisko hawaji mikono mitupu. Aliyeponywa goti huleta goti, aliyeponywa jicho huleta jicho, na nadhiri yake imeondoka. Lakini ukiulizia titi, utaelekezwa kwa Francineide, ambaye mji mzima unamwita Neide, na huyo anayekuelekeza atacheka kidogo kabla ya kunyoosha kidole.

Sababu ya kicheko ni kalibu, lile umbo la kumiminia nta. Mafundi wengine huchonga kalibu ya mti, ndiyo maana matiti yao yanafanana na mapera. Neide aliipaka plasta kwenye kifua chake mwenyewe, akaiacha ikauke, akaibandua. Na kifua chenyewe, jamani, hakikuwa cha kuzaliwa nacho. Kilitoka Fortaleza, mji mkuu wa jimbo letu, chumba cha upasuaji, silikoni tupu. Kwa hiyo miaka kumi na kitu sasa vikongwe wa jimbo zima la Ceará wamekuwa wakimshukuru mtakatifu kwa matiti ya Neide, yamesimama kama askari kwenye gwaride. Fransisko alikuwa mtu wa ufukara, sijui aliyatazamaje.

Alikwenda kuyaweka pamoja na shoga yake Lucivânia, msusi wa nyumba ya tatu, walipokwisha kuwaachisha ziwa vitinda mimba wao. Daktari wa wakati ule aliwaonyesha mifuko ya silikoni ya aina mbili. Mmoja ulikuwa unateleza kama jicho la samaki, mwingine umevishwa koti la sponji nyembamba kila upande. Akawaambia wa koti ndio bora kwao, kwa sababu nyama hujishika kwenye sponji, mfuko hauhamihami, na kifua hakikazi kikawa kigumu kama inavyowatokea wengine. Hakuwadanganya. Wiki za mwanzo ngozi iliwawasha wakajikuna kama mbwa wenye viroboto, kisha ikatulia, na miaka ikapita bila neno. Daktari alikuwa amewaambia pia warudi wakaangaliwe mara kwa mara. Hilo walilisahau kabla hawajafika kituo cha basi.

"Nirudi kufanya nini?" Neide alikuwa akisema. "Gari inatembea vizuri, wewe unaipeleka gereji?"

Basi, mwezi wa kwanza mwaka jana kalibu ilipata ufa. Neide akaingia chumba cha nyuma, akaijaribu kifuani aone pa kuziba. Upande wa kulia ikaingia kama kifuniko kwenye sufuria yake. Upande wa kushoto ikakataa. Akaisukuma, ikakataa. Akajitazama kwenye kioo, akaona titi la kushoto limejaa, limevutika, linang'aa kidogo. Haliumi. Limejaa tu.

Alishikwa na woga. Mama yake mzazi alikufa kwa titi, na Neide ndiye aliyemuuguza.

Mtu wa mji mwingine angekwenda hospitali. Neide ni mtu wa Canindé, na zaidi ya hapo ni fundi wa miujiza, amekaa maisha yake yote akipokea watu waliopona. Alimwendea Fransisko. Alipiga magoti akamwambia, kwa sauti ya mtu anayezungumza na jirani yake wa ukuta mmoja: "Baba, uvimbe huu ukiisha kabla ya Kwaresima, nitakuletea titi la nta nililolimimina mwenyewe, nitembee peku kutoka nyumbani, na nitalisema mbele ya watu wote." Lucivânia akampa na vidonge vya kupunguza uvimbe, vilivyobaki siku binti yake alipong'olewa jino.

Uvimbe ukaisha. Ndiyo, ukaisha kabisa! Kabla Kwaresima haijaingia, kalibu ikaingia pande zote mbili. Neide alilia kwa furaha, akamkumbatia mume wake Aderbal mpaka kahawa ikamwagika. Akatembea peku juu ya mawe ya moto, titi la nta kwenye kitambaa cheupe, na baada ya misa akapanda altareni akashika kipaza sauti. Redio ya mji hurusha shuhuda hizo mpaka ng'ambo ya mpaka, jimbo jirani la Piauí huko. "Nilikuwa na uvimbe kwenye titi la kuwekewa," akasema, "sikumwona daktari hata mmoja, na leo nimepona!" Watu wakapiga makofi. Oda za matiti zikamiminika mpaka Aderbal, ambaye kazi yake ilikuwa kuchochea moto na kufunga bidhaa, akajifunza kumimina.

Mwezi wa nane ukarudi.

Ulirudi kwa nguvu, kama mgeni aliyekaribishwa vibaya mara ya kwanza. Titi lilijaa likakaza, blauzi hazifungi, na akilala kwenye bembea yake ya kulalia ilibidi alale upande mmoja. Sasa tazameni mtego aliojitegea mwenyewe. Mtu mwingine akiugua tena huugua tu. Neide alikuwa ameshashukuru. Akisema anaumwa, basi ama mtakatifu alimpa muujiza mbovu, ama yeye alidanganya mbele ya altare na redioni juu yake. Na kufuata daktari sasa ingekuwa kumwambia Fransisko usoni: shukrani yangu nirudishie, umeshindwa kazi.

Akanyamaza. Akafanya ujanja ambao ungeweza kufanyika hapa kwetu tu: akavaa kanzu ya kahawia ya mahujaji, lile gunia la mtawa lisiloonyesha kiuno wala kifua. Watu huivaa mwezi wa tisa na wa kumi, wakati wa sikukuu ya mtakatifu. Yeye aliianza mwezi wa nane. Mji ukasema, mmemwona Neide? Toka apate muujiza amekuwa mtakatifu kabisa. Wanawake wakawa wanamgusa mkono wapate baraka. Yeye anatabasamu, na ndani ya kanzu titi linamvuta bega.

Ujanja wake ulimshinda Aderbal, maana wanaume wakiona nguo pana hawaulizi. Lucivânia haukumshinda. Siku moja alikuja kuazima sukari guru, akamkumbatia kama kawaida yao, kisha akarudi nyuma hatua moja.

"Wee Neide!"

"Nini?"

"Usiniambie nini. Titi moja limeshiba, jingine lina njaa. Vua hilo gunia."

"Sivui. Ni kanzu ya ibada."

"Ibada gani! Vua, au niivue mimi, unanijua nilivyo."

Neide akavua. Lucivânia akatazama. Mkono wake ulikuwa umekwenda wenyewe kwenye kifua chake mwenyewe, maana walichowekewa waliwekewa siku moja, daktari mmoja, koti moja.

"Kesho tunakwenda Fortaleza," akasema.

"Siwezi, shoga. Nimeshaondoa nadhiri."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo nimepona. Nilisema nimepona. Watu wamesikia."

"Na titi limesikia?" Lucivânia akawaka. "Watu huweka nadhiri ya mvua kila mwaka, mvua inanyesha, wanaondoa nadhiri, na mwaka unaofuata ng'ombe wanakufa kiu vile vile. Umewahi kumwona mtu akikataa kuchimba kisima eti atamuudhi Fransisko?"

"Hujui ulisemalo. Nilishika kipaza sauti."

"Basi kufa na kipaza sauti chako!" Lucivânia akatoka analia, sukari guru akaiacha mezani.

Neide hakulala vizuri baada ya hapo. Maneno ya shoga yake yalimkera kwa sababu yalikuwa ya kweli, na hakuna kitu kinachokera kama hicho. Akawaza, akawazua, mpaka akapata njia aliyoiona ya haki kabisa. Kama kosa lake ni kutoa shukrani ambayo haikustahili kutolewa, basi dawa ni kuiondoa pale ilipo. Alichukue titi lake. Nadhiri ikishafutika, atakuwa mgonjwa wa kawaida kama wagonjwa wengine, na mgonjwa wa kawaida anaruhusiwa daktari. Msicheke. Yeye hakucheka.

Asubuhi moja akaingia Nyumba ya Miujiza, pale ambapo vitu vya nadhiri huwekwa, na kikapu mkononi. Bruda Galdino, mtawa anayeitunza, alikuwa anapanga magongo ya viwete walioponywa huku akipiga chafya, maana vumbi la pale halimpendi. Ni mtu wa hasira za karibu, yule bruda, na tumbo la mbele.

Alimwona Neide akipindua miguu na vichwa vya nta, anainamia, anageuza, anatafuta.

"Mama Neide, umepoteza nini?"

"Titi langu, Bruda."

"Lipi?"

"La mwezi wa pili. Nalitaka."

Bruda akaweka gongo chini. "Unataka kuiba muujiza?"

"Si wizi, mimi ndiye niliyelileta! Nimelileta kwa makosa. Nilidhani nimepona." Na hapo mambo yote yakamtoka, uvimbe, kanzu, mama yake, redio. Alizungumza akiwa ameshika mguu wa nta wa mtu asiyemjua. "Nikilirudisha nyumbani nitakuwa sijashukuru. Halafu nitaweza kwenda hospitali bila kumvunjia heshima."

Bruda Galdino akapiga chafya tatu mfululizo, akajifuta kwa mkono wa joho.

"Halipo," akasema. "Tuliliyeyusha. Mwezi wa tano tuliyeyusha rundo lote la kona ile, likawa mishumaa, na mishumaa imeshawaka. Titi lako limekwisha kuwa moshi, mama."

"Mungu wangu. Sasa nifanyeje?"

"Nisikilize, maana nina kazi." Alikuwa amekasirika kweli. "Huyo Fransisko unayemwogopa alikufa mgonjwa, kipofu karibu kabisa. Ndugu zake walimpeleka kwa madaktari, wakamchoma karibu na macho kwa chuma cha moto. Alikubali. Hawakumponya, na hakumlaumu mtu. Yeye mwenyewe alikwenda kwa daktari, wewe ni nani usiende? Umemshukuru mapema, basi. Watoto wangapi hushukuru chakula kabla hakijaiva? Haya, weka chini mguu wa watu, uende zako Fortaleza!"

Neide aliweka mguu chini. Alitoka nje kwenye jua akiwa amefukuzwa kanisani, na moyo wake ulikuwa mwepesi kuliko ulivyokuwa miezi yote ile. Akaenda moja kwa moja kwa Lucivânia, akamkuta ana kichwa cha mteja mikononi.

"Shoga, ile kesho yako bado ipo?"

Lucivânia akamwacha mteja na nusu ya kichwa haijasukwa.

Daktari Iolanda Feitosa, kule Fortaleza, ni mwanamke mfupi anayezungumza polepole. Alimpima Neide, akampiga picha kwa mashine, akaona maji yamejikusanya kuuzunguka mfuko wa kushoto. Akayavuta kwa sindano, akayapeleka maabara. Neide akamwuliza mbona yaliisha mwanzoni mwa mwaka.

"Maji ya namna hii huja na kwenda, mama. Yakienda hayaagi, yakirudi hayapigi hodi. Mara nyingi huwa si jambo kubwa. Lakini titi lenye mfuko likivimba baada ya miaka mingi, upande mmoja, halisubiriwi."

"Ni lile koti?"

"Koti limekufaa miaka yote hii. Lakini mifuko yenye ngozi ya kukwaruza au yenye koti, mara chache sana, mwili huchoka nayo. Chembe za kinga, zile askari wa mwili, huasi kwenye utando unaouzunguka mfuko. Hiyo ni saratani, nakwambia wazi, ingawa siyo ile ya mama yako. Ikikutwa bado imo ndani ya utando wake, tunautoa wote na mambo huishia hapo. Kama ipo. Tusubiri majibu."

Majibu yakaja: ipo.

Neide alimwambia Aderbal jikoni, wamekaa mbele ya sahani za wali na maharage. Aderbal, mwanamume mwenye masharubu, alilia kama mtoto. Kisha akajipangusa akasema, "Na mimi nilikuwa nayapenda sana matiti yale."

"Najua, mume wangu. Mji mzima unajua."

"Lakini nakupenda wewe uliyeyavaa." Akanyanyuka, akatoka kwenda kuosha uso bombani.

Upasuaji ulichukua muda mrefu kuliko walivyoambiwa. Sponji na nyama zilikuwa zimeshikana kama ukoko na sufuria, na Daktari Iolanda hakutaka kuacha hata ukucha wa utando. Alikwenda polepole, akatoa mfuko na ala yake pamoja, kushoto, kisha na kulia pia. Lucivânia na Aderbal walikaa kwenye benchi la korido wakigombana kuhusu nani asali, maana kila mmoja alidai mwenzake ana laana. Neide alipozinduka aliinua shuka, akatazama chini, akaona bandeji zimelala sawa kama meza. Alilia. Si kidogo, alilia sana, maana alikuwa akijipenda vile alivyokuwa, na hakuna aibu katika hilo.

Kisha yakaja majibu ya utando. Daktari aliyaleta mwenyewe akitembea haraka, ndipo walipojua ni habari njema, maana mwanamke yule hatembei haraka. Ugonjwa haukuwa umetoka nje ya utando. Hakuna dawa za sumu, hakuna mionzi. Arudi kuangaliwa kila baada ya miezi kadhaa, na safari hii arudi kweli.

"Na mimi?" Lucivânia akauliza, sauti nyembamba. "Mimi ninayo yale yale. Niyatoe?"

Naye alikuwa amepimwa, vipimo vikawa safi. "Kama hayakusumbui hakuna haja ya kuyatoa kwa hofu," daktari akasema. "Wengi huishi nayo maisha yote. Lakini njoo uangaliwe, na yakibadilika kwa lolote, usinywe vidonge vya jino."

"Nitakaa nayo, daktari. Ila nitayachunga kama mbuzi wa watu."

Neide alirudi Canindé sikukuu imeshapamba moto, mji umejaa kanzu za kahawia. Yeye hakuvaa. Alivaa blauzi yake ya maua, sasa inapwaya, akakaa dukani akiamrisha tu, kwani mikono ilikuwa haijaruhusiwa kunyanyua sufuria. Waliomwona bapa walitazama pembeni. Waliouliza aliwaambia, na kila alipowaambia uso ulimchoma, lakini haukumuua.

Ndipo akaja mwanamke mmoja, amechoka, vumbi mpaka kwenye kope, mkoba wa safari begani. Akasema ametoka Piauí kwa lori la mahujaji, anamtafuta bibi wa muujiza wa titi.

"Ni mimi," Neide akasema.

Mwanamke akamshika mikono yote miwili. "Dada, nilikusikia redioni! Mimi nami niliwekewa, kama wewe. Likavimba la kulia. Walikuwa wamenipangia siku ya kwenda hospitali kule kwetu Teresina, nikasikia ulivyosema hukumwona daktari hata mmoja. Nikaacha kwenda. Nikaweka nadhiri kama yako, na unaona? Limepungua! Nimekuja kununua titi nimshukuru."

Aderbal alisimama na kijiko kirefu cha nta mkononi. Neide alikuwa amejiona mjinga, alikuwa amejiona mwoga, lakini hakuwahi kuwaza kwamba maneno yake yalisafiri peke yake yakaingia nyumba ya mtu.

"Unaitwa nani, dada?"

"Raimunda."

"Raimunda, mimi titi sikuuzii."

"Nitalipa, dada, ninayo."

"Sikuuzii." Akafungua vifungo vya blauzi, kimoja kimoja, pale pale dukani, wateja wamesimama, mume wake amesimama. Akaifungua. Makovu mawili bado mekundu, kifua bapa. "Tazama. Usigeuze uso, tazama vizuri. Nilisema redioni nimepona, nami nilikuwa naumwa. Lilipungua kama lako, kisha likarudi. Mtakatifu hana kosa, ni mimi niliyeharakisha mdomo. Daktari ndiye aliyekuta ugonjwa, akautoa wote, na sasa niko hai nasimama mbele yako nusu uchi kama mwendawazimu. Huenda lako si kitu. Lakini hutalijua kwa kunitazama mimi, wala kwa nta."

Raimunda aliyatazama yale makovu. Akaunyoosha mkono, akasita, Neide akauchukua akauweka juu ya kovu la kushoto.

"Linauma?"

"Linawasha. Limepona, ndiyo maana linawasha."

"Dada, mimi naogopa."

"Najua. Mimi niliogopa mpaka nikavaa gunia." Neide akafunga blauzi, akakosea vifungo, akaiacha hivyo hivyo. "Aderbal! Zima moto huo. Mwite Lucivânia, mwambie aje na pochi, tunakwenda Fortaleza."

"Leo?" Aderbal akauliza. "Leo sikukuu, duka limejaa!"

"Leo."

Raimunda alikuwa bado amesimama, mkoba begani, anatazama rafu ndefu ya matiti meupe. "Na shukrani yangu je? Nimetoka mbali."

"Shukrani itakusubiri hapa hapa, nitakumiminia mwenyewe, bure," Neide akamwambia, akimshika kiwiko kumtoa nje. "Kwanza twende ukapone."